Uongo Wangu Juu ya Bahari

Mheshimiwa Katibu Tarafa, uliyekuja kwa pikipiki ukasindikizwa na vumbi lote la njia ya Mugumu, Ndugu Nyangwine, Mwenyekiti wa kijiji chetu, uliyenisimamisha hapa kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi, Baba Padri, ambaye mahubiri yako ya Jumapili yalinilaza vizuri kuliko dawa ya hospitali, wazee wenzangu wa rika, akina mama, vijana mliosimama nyuma ili muweze kuondoka mapema, ndugu wageni waalikwa, pamoja na ndugu wageni ambao hawakualikwa ila wamefuata harufu ya nyama: nawasalimu wote. Walio wadogo kwangu, shikamoo zenu nazipokea tangu asubuhi, marahaba. Walio wakubwa kwangu ni wawili tu hapa, na mmoja hasikii.

Tumefundishwa kwamba sisi sote ni ndugu, nami naamini hivyo, ingawa nikitazama naona ndugu wengine wamekalia viti vya shule na ndugu wengine wamekalia nyasi. Silalamiki. Nyasi ni laini kuliko viti vile. Nasema tu ili Mheshimiwa apate kitu cha kuandika.

Tumekusanyika kumuaga binti yetu Rhobi, mtoto wa rafiki yangu marehemu Heche na shemeji yangu Teresia. Amemaliza mafunzo ya uaskari wa wanyamapori, msichana wa kwanza kutoka hapa Ikoma, na amepewa barua ya kituo chake cha kazi. Barua haikusema Serengeti. Haikusema lango letu hili, ambapo angelinda nyumbu mchana na kula ugali wa mama yake jioni. Inasema hifadhi ya bahari. Inasema akalinde kasa, nguva na matumbawe, upande ule wa nchi ambako jua linatoka majini, wakati sisi tumezoea kuliona likizama upande wa ziwa. Lori la kumfikisha Musoma ni lile pale, na dereva wake ameshaitazama saa mara tatu. Linaondoka saa nane.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna anayelisema, basi mimi nitalisema, kwa kuwa sina adabu na mmeshazoea. Rhobi amesema hapandi lori bila baraka ya mama yake. Na mama yake amesema baraka hiyo hatoi. Kwa nini hatoi? Kwa sababu bahari inakula watu. Na ni nani aliyemwambia kwamba bahari inakula watu?

Msinitazame hivyo. Ndiyo, ni mimi.

Wiki tatu zilizopita shemeji Teresia aliibeba barua ile mpaka ofisi ya kijiji, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha debe lililotoboka.

"Mwenyekiti, ibadilishe."

"Mama Rhobi, hii imetoka wizarani."

"Basi waandikie wizara kwamba huko maji yanatoka mara mbili kwa siku kutafuta watu."

"Umesikia wapi?"

"Kwa Kisyeri. Na kuna kasa anayekata mguu wa mtu kama panga linavyokata mua."

"Hilo nalo umesikia wapi?"

"Kwa Kisyeri."

"Na yule pweza," Mwenyekiti akasema, "aliyemvuta polisi pamoja na baiskeli yake." Hilo alilimalizia mwenyewe, ndugu zangu, kwa sababu siku niliyolisimulia na yeye alikuwepo, alicheka mpaka akashika ubavu, akaniongezea pombe.

Jioni hiyo hiyo akanitumia mgambo. Nikafika, akaniambia, "Kisyeri, uongo ulioupanda wewe, utaung'oa wewe. Utasimama mbele ya kijiji kizima." Basi nadhani mimi ni mtu wa kwanza katika tarafa hii kupewa hotuba kama adhabu.

Naanza kazi ya kung'oa.

Mwaka wa sabini na tano serikali iliyafunga maji yanayozunguka kisiwa kimoja kidogo kusini ya Dar es Salaam, wenyewe wanakiita Mwambamkuu, ili samaki na kasa na viumbe vingine vya humo wapate mahali pa kupumua. Wakatafuta walinzi. Wakaona kwamba ukimweka mtu wa pwani kulinda mayai ya kasa, mwizi wa kwanza atakayemkamata atakuwa mjomba wake. Kwa hiyo wakatafuta watu wasio na mjomba baharini. Je, kuna watu wasio na mjomba baharini kuliko sisi wa Ikoma? Wakachukua wawili kutoka lango hili: mimi, na Filemoni Magige, yule pale anayejificha nyuma ya kanga ya mkewe Agustina. Filemoni, toka tu, jina lako limeshatajwa.

Tulikuwa wafuata nyayo, na tulikuwa hodari. Kabla ya kuwa walinzi tulikuwa wawindaji, na Baba Padri analijua hilo kwa kuwa tulitubu, mimi mara mbili kwa wanyama walewale. Hakuna aliyetuuliza kama tunajua kuogelea. Walituuliza kama tunajua kusoma na kuandika. Filemoni alijua kusoma, mimi niliyeishia darasa la tatu nilikuwa na mwandiko mzuri. Kwa pamoja tulikuwa mtu mmoja aliyesoma.

Tukapanda meli Musoma, tukapanda treni Mwanza, tukapanda mashua Dar es Salaam, na kila tulichopanda kilinitapisha. Tulipofika, Filemoni aliinama akachota maji ya bahari kwa kiganja akaonja. Akatema. Akaonja tena.

"Kisyeri," akaniambia, "hawa watu wana chumvi yote hii na hawana ng'ombe."

"Labda ng'ombe walikunywa wakafa."

"Au labda hawajui."

Mnakumbuka sisi tulikokuwa tunawapeleka ng'ombe kulamba magadi, mwendo wa siku nzima jua kali, kwa ajili ya udongo wenye chumvi kidogo. Na pale ilikuwa imemwagwa tu, mpaka mwisho wa macho. Tulikaa mchangani jioni nzima tukiwasikitikia watu wa pwani.

Siku ya tatu, alfajiri, tukaona nyayo zetu za kwanza. Mistari miwili mipana, yenye meno meno, sawasawa kabisa, na mfereji mwembamba katikati. Zimetoka majini, zimepanda ufukwe, zimefika kwenye vichaka, zimegeuka, zimerudi majini. Filemoni akapiga goti, akapima kwa shubiri, akasimama na uso wa mtu mwenye uhakika.

"Mura, hili ni trekta."

Mnacheka. Nanyi mngesema hivyo hivyo. Kijiji chetu kilikuwa kimeahidiwa trekta tangu Operesheni Vijiji, mwaka mzima tunalisubiri, na mimi nilipoziona nyayo zile moyo wangu uliruka, nikadhani ndilo letu, limepotea njia. Nikaandika ripoti, Filemoni akaisoma kuhakikisha. Ilisema: "Trekta limetoka baharini, limepanda ufukwe, limegeuka bila kulima, limerudi majini. Dereva hakushuka." Ikapelekwa ofisini bara. Baada ya wiki likaja jibu la mstari mmoja: "Huyo ni kasa. Msimkamate." Lakini mletaji wa barua aliisoma njiani, na kuanzia siku ile mpaka naondoka kisiwani, mimi niliitwa Bwana Trekta.

Kasa huyo ndiye niliyewaambia anakata mguu. Shemeji Teresia, kasa hana jino hata moja. Tuko sawa, yeye na mimi. Anatoka majini kwa shida, anajivuta kwa mikono kama mama mjamzito anayepanda kilima cha Mugumu, anachimba shimo kwa miguu ya nyuma bila kulitazama, anataga mayai zaidi ya mia, anafukia, anarudi zake. Machozi yanamtoka muda wote. Mimi nilidhani ni uchungu. Mama mmoja wa pale akaniambia, "Chumvi tu hiyo, bwana. Anaitema kwa macho."

Mama huyo aliitwa Bi Kidawa, mke wa nahodha wetu, na mtamsikia tena kwa sababu bila yeye mimi ningekufa njaa au aibu, na aibu ingetangulia.

Tatizo la kasa lilikuwa mayai. Watu waliyachimba. Asubuhi moja tukakuta shimo limefukuliwa, maganda mawili yamebaki, na nyayo za watu wawili zinaelekea kijijini. Nikafurahi. Hatimaye kazi ninayoijua. Huku kwetu ng'ombe wakiibwa tunafanyaje? Tunafuata nyayo. Zikiingia katika kijiji, kijiji hicho kinasimama chote: ama kituonyeshe zinakotokea upande wa pili, ama kijibu chenyewe. Hatuulizi nani. Nyayo ndizo zinazouliza. Sheria hii baba zetu waliikuta na sisi tutaiacha.

Nikaenda mpaka kwa wazee wa kijiji cha pale, wamekaa barazani wanakunywa kahawa kwa vikombe vya mtoto. Nikawaambia, "Nyayo za wezi zimeingia kwenu. Nionyesheni zinakotokea, la sivyo mtajibu."

Wakatazamana. Mmoja akasema kwa upole, "Zimetokea upande ule, bwana, zimeingia baharini."

"Nionyesheni."

Filemoni anasema niseme la suruali. Filemoni, umenyamaza mwaka mzima, leo ndiyo sauti imekurudia? Haya. Nitasema.

Wakanisindikiza mpaka ufukweni, wazee sita na mimi na bunduki. Tulipofika, maji yalikuwa yamejaa, yamefunika kila kitu. Yule mzee akanyoosha kidole kwenye maji. "Ndizo hizo," akasema. "Zimo humo chini. Vua suruali ukazitazame."

Ndugu zangu, nimewahi kuchekwa. Niko mbele yenu nachekwa. Lakini kicheko cha wazee wale sita kilinifuata mpaka kibandani kwetu, kikalala nami. Nilikuwa nimepeleka sheria ya nchi kavu mahali ambapo maji huja mara mbili kwa siku kufuta ushahidi. Na hilo ndilo lililozaa ule uongo wangu mkubwa kuliko wote. Maji yanatoka kweli, shemeji. Hapo sikudanganya. Lakini hayamtafuti mtu. Yanakuja, yanafuta mchanga kama mwalimu anavyofuta ubao, yanarudi. Mtoto wa miaka minne kule anajua saa yake.

Bi Kidawa ndiye aliyenifundisha. Alinikuta nimenuna, akaniambia, "Bwana Trekta, kesi yako ni nzuri, ila umechelewa mahakamani. Njoo nikuonyeshe mwezi." Akanionyesha kwamba mwezi ukiwa mchanga au mpevu maji huenda mbali na hurudi juu sana, na kwamba kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana, kama mfanyakazi mvivu. Nikahesabu kwa mafundo ya kamba. Mwezi uliofuata shimo lingine lilipofukuliwa, nilikuwa kule kabla maji hayajafika, na wazee wale sita nimewaamsha, na tukatembea pamoja juu ya nyayo mbichi mpaka zilipoishia. Ziliishia mlangoni kwa mdogo wake yule mzee wa suruali.

Hakucheka. Mimi nilicheka kidogo.

Lakini sikilizeni kilichofuata, kwa kuwa hili sikuwahi kuwasimulia. Wazee wale walikaa siku mbili wakalijadili. Wakasema, sheria ya huyu mtu wa ng'ombe ni ngumu lakini haina upendeleo: ufukwe wetu, nyayo zetu, tujibu sisi. Wakaugawa ufukwe kwa vitongoji, kila kitongoji na kipande chake, shimo likifukuliwa kitongoji kizima kinajibu. Kuanzia hapo bibi wa miaka sabini alikuwa anakemea watu wasipite karibu na mayai. Na baada ya wiki kadhaa, asubuhi na mapema, nikaona mchanga unachemka, wakatoka watoto wa kasa, kila mmoja mkubwa kama kisigino cha mtoto mchanga, wakakimbilia majini bila kumwuliza mtu njia. Filemoni aliwahesabu kwa sauti mpaka sauti ikamkauka. Watu wa pwani walikuwa wamekaa pembeni na fimbo, wanafukuza kunguru. Sheria ya wizi wa ng'ombe wa Mara ilikuwa inalinda kasa wa bahari. Je, jambo kama hilo lina thamani gani? Nami nilikaa miaka tisa nikiwasimulia baiskeli ya polisi.

Na kuna la nguva.

Kule bahari ikipwa, panabaki shamba la majani mafupi ya kijani, yamelala upande mmoja kama yamechanwa na kitana. Siku moja nilikuwa natembea humo nyuma ya Bi Kidawa, yeye akichokoa pweza kwenye mashimo kwa mti wake, pweza wa ukubwa wa sahani, shemeji, siyo wa kuvuta polisi. Nikaona njia. Upana wa shubiri moja, majani yameng'olewa mpaka mizizi. Inakwenda mbele, inakata kushoto, inasimama, inaanza tena. Nikapiga magoti majini. Kando yake kulikuwa na njia nyingine, nyembamba, isiyonyooka, inayoanza na kuacha, ya mtu anayejifunza.

"Bi Kidawa," nikasema, "hapa amepita ng'ombe na ndama wake."

Akaja akatazama. Akanitazama mimi. "Huyo ni nguva," akasema. "Sisi tuliozaliwa hapa tunamwona mara moja kwa mwaka, naye yumo majini. Wewe umemwonaje pakavu?"

Siku hiyo jina la Bwana Trekta lilipumzika.

Tuliifuata njia ile miezi mitano, kila maji yalipokwenda mbali. Nilijua anapenda majani ya wapi, nilijua ndama ameanza kula vizuri, nilijua siku aliyoogopeshwa na chombo akakata njia ghafla. Mwishowe tulimwona kwa macho, tukiwa juu ya mwamba: mgongo wa kijivu ukatokea, akapumua kwa sauti kama mzee anayekaa chini, na ndama ubavuni mwake, ananyonya kwapani. Nilikuwa na ng'ombe wangu nyumbani, Kijivu, wengine mnamkumbuka. Nguva yule nikampa jina hilo. Nilikuwa mtu wa miaka hamsini, mbali na nyumbani, nakula samaki asubuhi na jioni, na zile ndizo zilizokuwa asubuhi nzuri kuliko nyingi nilizopewa katika maisha yangu. Niliporudi niliwaambia niliteseka. Sikuteseka. Nilikumbuka maziwa tu.

Sasa nafika mahali ambapo Mwenyekiti hakuniagiza nifike.

Mwezi wa kumi na nne wa kazi yetu, Filemoni alilazwa hospitali bara, malaria. Saa nne asubuhi, maji yamejaa, kikaja chombo cha mashine chenye watu wanne ambao hawakuwa wa kisiwa kile. Tulijua wamekuja na nini. Walikuja na baruti, ile inayorushwa majini, inalipuka, samaki wanaelea, wanaokotwa. Walisimama juu ya shamba la majani.

Nahodha wetu alikuwa tayari ndani ya mashua, hatua ishirini kutoka nchi kavu, hawezi kusogea zaidi kwa sababu ya mawe. Hakuwa na silaha. Silaha nilikuwa nayo mimi.

"Bwana Kisyeri, ingia, tuwawahi."

Nikaingia. Maji yakafika vifundoni, yakafika kwenye ugoko, yakafika magotini. Nikasimama.

"Ingia, bwana, hapa ni kiunoni tu."

Wazee wenzangu, mnajua kwamba niliwafuata wezi wa ng'ombe mpaka ng'ambo ya mto Mara, na mito mingine yenye mamba. Lakini mnajua pia tulivyokuwa tunavuka. Unawatanguliza ng'ombe, unashika mkia, ng'ombe anaogelea, wewe unavutwa. Maisha yangu yote sikuwahi kuvuka maji bila mkia wa ng'ombe mkononi. Na pale, mbele yangu, palikuwa na maji, na nahodha amenyoosha mkono, na hapakuwa na mkia wa kushika. Miguu ilikataa. Niliiamuru, ikakataa. Nahodha aliniita mara nne, na kila mara kwa upole zaidi, na upole ule ndio ulioniumiza.

Mchanga ulitetemeka kwanza, chini ya nyayo zangu, halafu sauti ikafuata. Maji yalisimama juu kama mti. Wakaokota walichotaka, hata nusu hawakumaliza, wakaenda zao.

Maji yalipokwenda mbali nilimkuta Kijivu amelala kwenye majani yake. Ndama hakuwepo. Kesho yake nikaiona njia nyembamba, peke yake, inazunguka mahali palepale. Kesho kutwa nikaiona tena, fupi zaidi. Siku ya tatu haikuwepo.

Bi Kidawa aliniletea uji. Akakaa mlangoni. "Kula, bwana. Nguva hafufuki kwa njaa yako." Hakusema neno lingine, wala mumewe, wala mzee wa suruali. Ningependa wangenitukana.

Nikaandika barua mwenyewe kuomba uhamisho. Niliandika naumwa tumbo. Nikarudi kwenu, mkaniuliza bahari ikoje, na mtu aliyekimbia atasema nini? Atasema alichokikimbia kilikuwa kikubwa sana. Nikaikuza bahari kila mwaka, nikaipa meno, nikaipa njaa, ili ninyi mkinitazama mseme, Kisyeri alifanya vizuri kurudi akiwa mzima. Mkasema hivyo. Mkanimiminia. Nikanywa.

Ndiyo maana, shemeji Teresia, nimekukosea mara mbili. Kwanza nilikutia hofu ya kitu ambacho hakikunidhuru hata siku moja. Pili, katika watu wote waliokuwa wananisikiliza nikidanganya, alikuwepo msichana mmoja ambaye hakuwahi kuniuliza kama kasa anauma. Aliniuliza anakula nini. Aliniuliza nyayo zake zikoje. Maswali hayo nilimjibu ukweli, kwa sababu mtu akikuuliza nyayo huwezi kumdanganya, ni kama kudanganya kanisani. Samahani, Baba Padri, ni zaidi. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekutisha wewe, na mimi ndiye niliyemwita yeye. Kama unatafuta mtu wa kumkasirikia, usihangaike kuandika wizarani.

Rhobi, binti yangu. Ukiona trekta ufukweni, usiandike. Saa za maji kajifunze kwa akina mama wanaochokoa pweza, siyo kwa kitabu, kitabu hakitoki kwenda kuangalia. Wape wazee wa pale heshima yao hata wakikucheka, maana anayekucheka bado anakutazama. Na siku chombo cha watu wenye baruti kikija, na kitakuja, nahodha akikuita, maji yatakufika magotini. Wewe endelea. Ulisoma Musoma miaka minne kando ya ziwa, walikufundisha kuogelea, wakakupa cheti, na cheti hicho nimekiona kwa macho yangu na Filemoni amenisomea. Wewe huhitaji mkia.

Nilikuwa nimefika kwenye shukrani, lakini naona shemeji Teresia ameinua mkono. Mpeni nafasi. Wiki tatu hajanisemesha, sitaki neno hili linipite.

Anauliza, "Huyo Bi Kidawa bado yupo?"

Shemeji, naweza kukuambia yupo. Naweza kukuambia ni mzima, ana afya, amemtengea Rhobi chumba, na wali wa nazi uko jikoni. Ulimi wangu umeshaanza kuupika, unauona. Lakini sijui. Miaka tisa sikumwandikia hata barua moja. Nilikuwa naona aibu. Sijui kama yu hai, sijui kama nahodha yu hai, sijui kama yale majani yameota tena. Sijui.

Anasema leo ndiyo mara ya kwanza kunisikia nikisema sijui.

Ni kweli, ndugu wananchi. Mheshimiwa, hilo nalo uliandike.

Nyamazeni kidogo. Vijana wa nyuma, nyamazeni. Mama amesimama. Amemwita mtoto. Ndiyo. Ndiyo, mama. Amemtemea mate ya baraka kifuani na kwenye viganja, kama bibi zake walivyofanya, na sasa, ngojeni, sasa anakwenda wapi? Ameliendea sanduku la bati la Rhobi. Amelishika upande mmoja na anatazama lori, na hakuna hata mmoja kati yenu, wanaume wazima mliokalia viti, aliyeinuka.

Mheshimiwa Katibu Tarafa, Ndugu Mwenyekiti, Baba Padri, ndugu zangu wote: nawashukuru kwa masikio mliyoniazima mchana huu, nayarudisha yakiwa safi kidogo. Nilikuwa na maneno mengine, lakini lile sanduku ni zito na upande wa pili hauna mtu. Nipisheni.